Kiitaliano kuanzia sifuri: Akiba ya lugha aliyo nayo mwanafunzi wa Kapkatet

KIJANA aliyelelewa katika mashamba ya majani chai ya Kapkatet hufika chuo kikuu akiwa na lugha tatu: Kikipsigis cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na darasani, na Kiingereza cha vitabu na mitihani. Anapoamua kwenda kusomea nchini Italia, huambiwa kwamba katika lugha ya nne yeye ni mtupu na hana budi kuanza sifuri.

Kauli hiyo ni kweli kwa upande mmoja tu. Msamiati hana. Hata hivyo, mengi ambayo Kiitaliano humdai mwanagenzi, kuanzia upatanisho wa nomino na sifa hadi viambishi vya kitenzi, tayari anayo kichwani. Hakuyapata katika Kiingereza. Aliyapata katika Kikipsigis na Kiswahili, lugha mbili ambazo watu hawazitaji wanapozungumzia masomo ya ng'ambo.

Kutolifahamu jambo hilo kuna gharama. Mwanafunzi huingia darasani akiwa ameshika Kiingereza peke yake kama fimbo ya kipofu, akitafsiri neno kwa neno, na miezi hupita. Nchini Italia miezi ni fedha, kwa sababu ufadhili hutegemea masomo aliyofaulu mwanafunzi kufikia tarehe iliyowekwa.

LUGHA ISIYO KATIKA MTIHANI

Kapkatet, katika eneo la Bureti, Kaunti ya Kericho, iko kwenye barabara ya kutoka Kericho kuelekea Sotik, karibu na mpaka wa Bomet. Mji huo mdogo una kiwanda cha chai, hospitali, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC na bewa la Chuo Kikuu cha Kabianga. Elimu ya juu si jambo geni kwa wakazi wake.

Kiitaliano, hata hivyo, ni kigeni. Katika mtihani wa KCSE, lugha za kigeni zilizotahiniwa kwa miaka mingi ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Mwanafunzi wa Kericho au Bomet hakuwa na nafasi ya kukutana na Kiitaliano katika shule ya upili, hata kama alisoma katika shule yenye walimu wengi na maktaba nzuri.

Hali ni tofauti katika Pwani. Waitaliano walianzisha kituo cha kurushia satelaiti huko Ngomeni, karibu na Malindi, na satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka baharini hapo mwaka 1967. Watalii na walowezi kutoka Italia walizidi kumiminika Malindi na Watamu, na vijana wa huko wakajifunza lugha kwa sikio, katika biashara na hotelini, bila daftari wala mwalimu.

Katika Bonde la Ufa, Kiitaliano kilipita kwa njia ya riadha. Daktari Gabriele Rosa kutoka Brescia alianzisha kambi za mazoezi nchini Kenya katika miaka ya 1990, na miongoni mwa wanariadha aliowafunza ni Paul Tergat, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Ubingwa wa mwaka 1997 aliupata mjini Turin.

Wanariadha hao ni wachache. Mwanafunzi wa kawaida wa nchi ya chai hukutana na Kiitaliano akiwa mtu mzima, ama katika taasisi ya utamaduni ya Italia jijini Nairobi, Istituto Italiano di Cultura, inayoendesha kozi za lugha hiyo, ama katika chuo kikuu chenyewe baada ya kuwasili Italia.

MILANGO MIWILI

Anayeomba nafasi katika vyuo vikuu vya Italia hujiandikisha kupitia mtandao wa Universitaly, kisha huomba viza. Mbele yake kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa kozi zinazofundishwa kwa Kiitaliano. Huko mwanafunzi wa kigeni hutakiwa kuwa katika kiwango cha B2. Mizani hiyo ilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, nayo ina ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Aliye katika A1 huweza kujitambulisha na kuagiza chakula. Aliye katika B2 huweza kufuata mhadhara na kuitetea hoja yake.

Mlango wa pili ni wa kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, hasa za shahada ya uzamili. Hapa chuo hakimdai mwombaji Kiitaliano. Vijana wengi wa Kenya huuona mlango huu kuwa mwepesi, na kwa upande wa kuandikishwa, ni mwepesi kweli.

Ugumu huanza nje ya darasa. Mgeni anapaswa kuomba kibali cha ukaazi katika muda wa siku nane za kazi tangu kuingia nchini. Fomu huchukuliwa na kurejeshwa katika ofisi ya posta, kisha mwombaji huitwa katika makao ya polisi, Questura, kwa ajili ya alama za vidole. Si kila karani katika ofisi hizo anayezungumza Kiingereza.

Mwenye nyumba, daktari wa mtaa na mwajiri nao huzungumza lugha ya nchi. Kibali cha mwanafunzi humruhusu kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki, lakini ruhusa ya kufanya kazi haimpi mtu kazi ikiwa hawezi kuelewa anachoagizwa.

Anayesomea uuguzi au taaluma nyingine ya afya ana sababu kubwa zaidi. Mgonjwa aliyelala wodini hatabadili lugha yake kwa ajili ya mwanafunzi. Atasema panapomuuma kwa Kiitaliano, na pengine kwa lahaja ya kijijini kwao.

MTIHANI WA MDOMO

Jambo jingine humshtua Mkenya: mitihani mingi ya vyuo vikuu vya Italia hufanywa kwa mdomo. Mtahiniwa huketi mbele ya mhadhiri, huulizwa maswali, naye hujibu papo hapo. Alama ya juu ni 30 na ya kufaulu ni 18. Aliyefanya vizuri kupita kiasi hupewa 30 pamoja na sifa, "e lode".

Mwanafunzi aliyezoea kuandika insha kwa saa tatu katika ukumbi wa mtihani hana budi kujifunza upya namna ya kuonyesha anachokijua. Katika kozi ya Kiitaliano, ulimi ukikwama, maarifa yote yaliyo kichwani hayaonekani.

Mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa kredi 60, na kila kredi ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, yakiwemo masomo ya darasani na ya binafsi. Hizo ni saa 1,500 kwa mwaka.

Kwa upande wa lugha, taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafunza wanabalozi hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji wiki 24 hadi 30 za masomo ya kutwa, yaani kati ya saa 600 na 750 hivi, ili akimudu Kiitaliano kikazi. Kiswahili wao hukipa wiki 36.

Anayesubiri mpaka afike Italia ndipo aanze kusoma "a, bi, ci" huwa anajitwika mizigo miwili kwa wakati mmoja: saa 1,500 za kozi, na juu yake mamia ya saa za lugha. Ndiyo maana akiba ya lugha aliyotoka nayo nyumbani si jambo la kupuuzwa.

SAUTI: FAIDA NA MITEGO

Kiitaliano huandikwa kwa irabu tano zilezile za Kiswahili, a, e, i, o, u, nazo husomwa karibu sawasawa. Silabi nyingi huishia kwa irabu, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Anayesoma gazeti la Kiswahili kwa sauti anaweza kusoma sentensi ya Kiitaliano asiyoielewa na bado akaeleweka. Mwingereza hawezi kufanya hivyo kwa urahisi.

Sauti "ny" ya "nyumba" huandikwa "gn" kwa Kiitaliano, kama katika "bagno", bafu, linalosomwa "banyo". Sauti "sh" huandikwa "sc" panapofuata e au i: "pesce", samaki, husomwa "peshe". Sauti zenyewe Mkenya anazo. Anachojifunza ni herufi zake.

Mtego mkubwa umo katika "ch". Katika Kiswahili "chi" ni mwanzo wa "chini". Katika Kiitaliano "chi" husomwa "ki" na maana yake ni "nani", ilhali "ci" ndiyo inayosomwa "chi". Tabia ya miaka 12 ya shule hapa humpinga mwanafunzi, na hana njia ila kurudia mpaka jicho lizoee.

Mtego wa pili ni konsonanti zinazorudufiwa. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Casa" ni nyumba, "cassa" ni sanduku la fedha au mahali pa kulipia dukani. "Capelli" ni nywele, "cappelli" ni kofia. Kiswahili hakitofautishi maana kwa kuivuta konsonanti namna hiyo.

Hapo Kikipsigis humsaidia kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Lugha za Kikalenjin hutofautisha irabu fupi na ndefu, na urefu huo hubadilisha maana. Sikio la mtoto wa Kapkatet lilizoezwa tangu utotoni kupima muda wa sauti. Anachotakiwa ni kuuhamisha upimaji huo kutoka kwenye irabu na kuupeleka kwenye konsonanti.

Kikipsigis, hata hivyo, kina deni lake. Katika lugha hiyo tofauti ya p na b, ya t na d, na ya k na g haibadilishi maana ya neno, na wazungumzaji wengi huziachia zibadilishane. Kiitaliano hakivumilii hilo: "panca" ni benchi, "banca" ni benki, "quanto" ni kiasi gani, "guanto" ni glavu. Aliyekwisha kutenganisha "pata" na "bata" katika Kiswahili ana pa kuanzia.

Mkazo nao unahitaji uangalifu. Kiswahili kina mifano michache ambapo mkazo hubadilisha maana, kama "barabara" ya magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa. Kiitaliano kina mingi. "Ancora" yenye mkazo mwanzoni ni nanga, na yenye mkazo katikati ni "bado". Herufi ni zilezile.

NGELI MBILI TU

Nomino za Kiitaliano zimegawanyika katika makundi mawili, ya kiume na ya kike, na kila kitu lazima kiwe upande mmoja. Meza, "tavolo", ni ya kiume. Kiti, "sedia", ni ya kike. Mzungumzaji wa Kiingereza huona jambo hilo kama mzaha, maana kwake meza haina jinsia.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Amekulia katika ngeli nyingi, ambamo mti, kitu, jiwe na ukuta kila kimoja kina upatanisho wake. Anasema "kitabu kizuri, vitabu vizuri" bila kufikiri. Kiitaliano husema "libro bello, libri belli" na "casa bella, case belle". Kanuni ni ileile: nomino huamuru, na sifa hutii. Aliyemudu ngeli zote hizo hawezi kushindwa na mbili.

Kikipsigis nacho humpa mfano ulio karibu zaidi. Kipkoech ni mwanamume, Chepkoech ni mwanamke, na kila mtu wa Kapkatet hulitambua hilo kwa kusikia mwanzo wa jina. Mwitaliano hulitambua mwishoni: Mario ni mwanamume, Maria ni mwanamke. Tofauti ni kwamba Kiitaliano huuendeleza mgawanyo huo hadi kwenye meza na viti.

Kinachomsumbua mwanafunzi zaidi ni vijineno vinavyotangulia nomino: "il", "lo", "la", "l'", "i", "gli" na "le". Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Kanuni zake zinategemea jinsia, idadi na herufi ya kwanza ya neno linalofuata, ndiyo maana husemwa "il libro" lakini "lo studente". Ushauri wa kawaida wa walimu ni kulikariri neno pamoja na kijineno chake kana kwamba ni kitu kimoja, kama vile mtoto wa Kiswahili asivyojifunza "tabu" kwanza kisha "ki".

KITENZI KINACHOJITOSHELEZA

Katika Kiingereza kila kitenzi hudai kiwakilishi mbele yake. Mwitaliano husema "parlo", naam, neno moja, na msikilizaji huelewa kuwa ni "nasema". "Parli" ni "unasema", "parla" ni "anasema", "parliamo" ni "tunasema". Nafsi imo ndani ya kitenzi.

Hivyo ndivyo Kiswahili kifanyavyo, ila nafsi hukaa mwanzoni. Kikipsigis hali kadhalika: katika "achamin", nakupenda, a- ya mwanzoni ni "mimi" na -in ya mwishoni ni "wewe". Kiitaliano husema "ti amo", ambapo -o ya mwisho ndiyo "mimi". Anayetafsiri kutoka Kiingereza hurundika "io, io, io" kila sentensi na kusikika kama mtu anayejigamba. Anayefikiri kwa Kiswahili huacha kiwakilishi mahali kisipohitajika.

Wakati uliopita una mtihani wake. Vitenzi vingi huungana na "avere", kuwa na: "ho mangiato", nimekula. Vingine, hasa vya mwendo, huungana na "essere", kuwa: "sono andato", nimekwenda, akisema mwanamume, na "sono andata" akisema mwanamke. Hapa hakuna lugha ya nyumbani inayosaidia moja kwa moja. Orodha ya vitenzi hivyo lazima ikaririwe.

Lakini kuna sura moja ya sarufi ambayo wanagenzi wengi wa kigeni huiogopa kuliko zote, nayo ni ile Waitaliano waiitayo "congiuntivo". Hutumika kueleza matakwa, shaka au shauri. "Maria parla" ni "Maria anasema". "Voglio che Maria parli" ni "Nataka Maria aseme". Irabu ya mwisho ya kitenzi imebadilika kutoka a kuwa i.

Tazama sasa Kiswahili: "anasema" imekuwa "aseme". Irabu ya mwisho imebadilika kutoka a kuwa e, na kwa sababu ileile: kwamba tendo linatakiwa, halijatendeka. Mkenya hutumia sura hiyo tangu utotoni kila anapoambiwa aje, ale, aende. Mwalimu atakayemwonyesha ulinganisho huo atakuwa amemwondolea kazi kubwa.

ADABU YA KUMWITA MTU

Kiitaliano kina "tu" kwa rafiki, mtoto na mwanafunzi mwenzako, na "Lei" kwa mhadhiri, karani, daktari na mtu mzima usiyemfahamu. Kumwita profesa "tu" ni utovu wa adabu hata kama nia ilikuwa njema. Anayetoka katika jamii ambayo mdogo hamwamkii mkubwa kama amwamkiavyo mwenzake hahitaji kufafanuliwa sababu.

Neno "ciao", lijulikanalo dunia nzima, nalo ni la wanaofahamiana. Kwa mkubwa husemwa "buongiorno". Historia yake inafurahisha: lilitoka katika lahaja ya Venezia, likiwa na maana ya "mimi ni mtumwa wako". Wazungumzaji wa Kiswahili wana "shikamoo", ambayo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Moja limebaki kuwa la heshima, jingine limeshuka hadi likawa la marika.

MANENO YA UKOO MMOJA

Msamiati nao si mgeni wote. "Zucchero" na sukari, "caffè" na kahawa ni maneno yaliyosafiri kupitia Kiarabu, moja likaingia Ulaya na jingine Afrika Mashariki. "Sapone" na sabuni yana mzizi mmoja wa Kilatini, ila Kiswahili kilipokea lake kutoka kwa Waarabu.

Kwa nchi ya Kericho na Bomet, neno la kukumbukwa ni "tè". Kichina kina alama moja ya chai inayosomwa kwa namna mbili. Iliyopita njia ya nchi kavu kupitia Uajemi ikazaa "chai" ya Kiswahili na "chaik" ya Kikipsigis. Iliyosafirishwa baharini na Waholanzi kutoka mkoa wa Fujian ikazaa "tè" ya Kiitaliano. Mmea ni mmoja.

Yapo pia maneno ya kuhadaa. "Sì" ni ndiyo, ilhali "si" ya Kiswahili ni kanusho. "Pera" ya Kiitaliano ni pea, si lile tunda linalookotwa chini ya mpera. "Tu" ni wewe, wala haina maana ya "peke yake".

WAITALIANO WENYEWE WALIJIFUNZA

Mwanagenzi anayeona haya kwa makosa yake afaa akumbuke kwamba Kiitaliano sanifu kilikuwa lugha ya darasani kwa Waitaliano walio wengi. Msingi wake ni lahaja ya Firenze, mji wa mshairi Dante, aliyefariki mwaka 1321. Katika mji huohuo ndiko ilikoanzishwa Accademia della Crusca mwaka 1583, iliyochapisha kamusi yake mwaka 1612.

Italia ilipoungana mwaka 1861, mtaalamu wa isimu Tullio De Mauro alikadiria baadaye, ni asilimia 2.5 hivi tu ya wananchi waliokizungumza. Wengine walizungumza lahaja za kwao. Shule, jeshi, na televisheni iliyoanza rasmi mwaka 1954 ndivyo vilivyokieneza. Kati ya 1960 na 1968 mwalimu Alberto Manzi alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika kipindi cha televisheni ambacho jina lake lilimaanisha kwamba muda haujapita kamwe.

Safari hiyo inafanana na ya Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Unguja na kusimamiwa na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki tangu 1930. Mtoto wa Kapkatet aliyetoka na Kikipsigis nyumbani akakutana na Kiswahili shuleni amekwisha kupita njia ambayo mtoto wa Napoli au Venezia aliipita. Anaijua hatua ya kukosea mbele ya wenzake na kuendelea.

FEDHA NA TAHADHARI

Katiba ya Italia, katika kifungu cha 34, inasema kuwa wenye uwezo wa kimasomo na wanaostahili wana haki ya kufikia ngazi za juu za elimu hata kama hawana mali. Kutokana na msingi huo, mamlaka za mikoa hutoa ufadhili kwa kutazama mapato ya familia, na wanafunzi wa kigeni huruhusiwa kuomba. Familia ya mkulima mdogo wa chai ina nafasi ya kweli hapo, mradi hati za mapato ziwe sahihi na zitafsiriwe inavyotakiwa.

Fedha hizo zina sharti. Hutolewa kwa awamu, na mwanafunzi lazima awe amepata kredi zilizowekwa kufikia tarehe iliyotangazwa. Asiyezipata anaweza kunyimwa kilichobaki, au hata kudaiwa alichokwisha kupokea. Ndipo suala la lugha linapogeuka kuwa suala la bonasi ya majani chai, kwa sababu pengo hilo huzibwa na mzazi aliyebaki Kapkatet.

Wazazi wa Bonde la Ufa wanazo sababu za kuwa waangalifu. Mwaka 2023 wazazi katika Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizokuwa wamelipia mpango wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada. Kwa Italia, maombi ya kujiandikisha hufanywa na mwanafunzi mwenyewe katika Universitaly, na cheti cha lugha hupatikana kwa kufanya mtihani. Vyeti vinavyotambulika ni pamoja na CILS cha Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, CELI cha Perugia na PLIDA cha jumuiya ya Dante Alighieri. Wakala anayeahidi cheti bila mtihani anauza karatasi tupu.

HABA NA HABA

Kozi ya Nairobi iko mbali, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kapkatet, na si kila mtu anayeweza kulipia chumba jijini. Hata hivyo, simu na intaneti vimepunguza umbali. Kamusi ya Treccani na matangazo ya redio ya RAI hupatikana mtandaoni, na anayesikiliza nusu saa kila siku kwa mwaka mzima huwa amekusanya saa zaidi ya 180 kabla hajapanda ndege. Hizo hazimfikishi B2, lakini humwondoa sifuri.

Akifika Italia, vituo vya lugha vya vyuo vikuu huwa na madarasa ya wageni, mara nyingi bila malipo kwa mwanafunzi aliyesajiliwa. Zipo pia shule za umma za watu wazima, ziitwazo CPIA, zinazofundisha ngazi za A1 na A2. Anayekusudia kubaki baada ya masomo ana sababu ya kuendelea: kibali cha ukaazi wa muda mrefu hudai kiwango cha A2, na tangu sheria ya mwaka 2018 uraia hudai B1.

Jambo la kufanya tangu wiki ya kwanza ni dogo na halina gharama. Mwanafunzi agawe ukurasa wa daftari sehemu nne, aandike kanuni ya Kiitaliano upande mmoja, kisha aandike jinsi Kikipsigis, Kiswahili na Kiingereza vinavyolisema jambo hilohilo. Mahali zinapokubaliana, apite haraka. Mahali zote tatu zinaponyamaza, kama kwenye "lo" na "gli" au kwenye konsonanti zinazorudufiwa, hapo ndipo atumie saa zake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa mwanafunzi huyu methali hiyo ina maana ya kikazi kabisa: aliyeziacha lugha za kwao mlangoni mwa darasa huiona kila kanuni kuwa mpya, na muda wa kujifunza kila kanuni kana kwamba ni mpya hana, tarehe ya kredi ikiwa imekwisha kutangazwa.